Mgeni na Papasi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa miaka mingi niliifundisha methali hii darasani, nikiwaeleza wanafunzi kuwa adui wa mtu hatoki mbali. Katika insha hii nataka kusimulia jinsi nilivyokuja kutambua kwamba kikulacho huenda kisiwe nguoni kabisa, bali ukutani. Na kwamba mtu anayemtafuta adui mahali pasipo pake huweza kumwumiza asiye na hatia. Ni habari ya mdudu mdogo aitwaye papasi, ya watu waliomchunguza, na ya kosa nililolitenda mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana mwenye cheti kipya mfukoni.

Nilihitimu chuo cha ualimu mwishoni mwa mwaka 1973. Januari iliyofuata nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Ugogo, mkoani Dodoma. Huo ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Watu wengi wa mkoa huo walikuwa wamekwisha kukusanywa pamoja, shule zilikuwa zikifunguliwa haraka haraka, na walimu tulikuwa wachache. Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado ni matofali yaliyoanikwa juani. Kwa hiyo mimi na mke wangu tukapewa tembe kuukuu, ambalo kijiji kilikuwa kikilitumia kuwalaza wageni wa serikali, kama vile bwana mifugo na wapimaji wa ardhi.

Kwa msomaji asiyelijua tembe, ni nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo pia, mlango mmoja na giza jingi. Mchana wa jua kali ndani huwa baridi, na usiku wa baridi ndani huwa joto. Sisi tulitoka Upare, milimani, kwenye migomba na ukungu, na tulilishukuru tembe lile kwa kivuli chake. Kuta zake zilikuwa na nyufa nyingi, na sakafu yake ilikuwa ya vumbi laini kama unga. Kitanda chetu kilikuwa bado njiani, kwa hiyo tulitandika godoro chini, kando ya ukuta. Mke wangu alikuwa mjamzito, mimba ya miezi minne, ya kwanza.

Jioni ya siku ya kwanza alikuja bibi mmoja jirani, mjane, ambaye tembe lile lilikuwa la marehemu mumewe. Alituamkia, "Mbukwa," akaweka chini sahani ya ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alilitazama godoro letu, akamtazama mke wangu tumboni, kisha akaniambia mimi, "Mwalimu, mkeo asilale chini. Nyumba hii inatujua sisi. Ninyi haiwajui."

Nilimshukuru kwa chakula, na maneno yake nikayaweka katika fungu la mizimu na mambo ya kale. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu ni taa ya kijiji, nami niliamini kwamba taa haina haja ya kuulizia njia.

Baada ya siku tatu au nne tukaanza kuamka na alama mwilini. Zilikuwa doa jekundu lenye kiini cheusi katikati, mara moja kiunoni, mara mbili pajani, mara mkononi. Usiku hatukusikia lolote. Hakuna aliyeshtuka kwa maumivu. Asubuhi ndipo mwasho ulipoanza. Nikafanya kila nililolijua. Kwanza nikafikiri ni kunguni; nikalifumua godoro na kulianika siku nzima, nikapitisha mafuta ya taa kwenye mishono. Sikuona kunguni. Pili nikafikiri ni viroboto. Tukamwagia maji sakafu na kuifagia. Alama zikaendelea. Tatu nikafikiri ni chawa. Tukachemsha mashuka na nguo. Hapakuwa na chawa. Nikawasha taa ya chemli usiku wa manane na kuwamulika walalao, nisione kitu ila kivuli changu mwenyewe. Mbu walikuwapo, lakini tulijua mbu anavyouma, na alama hizi hazikuwa zake.

Wiki ya tatu mke wangu akashikwa na homa kali, kichwa kikimgonga, viungo vikimuuma, akitapika. Nikampeleka kwenye zahanati, akapewa klorokwini, dawa ambayo siku zile ndiyo iliyokuwa jibu la kila homa. Siku ya tatu homa ikakatika ghafula kwa jasho jingi. Tukamshukuru Mungu na klorokwini. Baada ya wiki moja, homa ikarudi vile vile. Tukarudi zahanati, klorokwini tena, homa ikaondoka tena. Ikarudi mara ya tatu.

Hapo ndipo akili yangu ilipoacha kufuata kanuni nilizofundishwa. Nilianza kuhesabu siku, nikagundua kwamba homa ya pili ilianza siku moja baada ya yule bibi kuja kutusalimu, na homa ya tatu vile vile. Nikakumbuka maneno yake, "Nyumba hii inatujua sisi." Nikayageuza maneno yale kichwani mpaka yakawa kitisho. Kwa nini yeye na wajukuu zake, waliokuwa wakicheza na hata kulala mchana katika tembe lile lile, hawakuugua? Kwa nini sisi tu?

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nami sikumnong'oneza nyumbani kwake, bali nilisimama barazani, mbele ya wazee, nikasema kwa Kiswahili sanifu kwamba ningependa kijiji kimwulize bibi yule anajua nini juu ya maradhi ya mke wangu. Sikulitaja neno uchawi. Mtu aliyesoma hahitaji kulitaja. Huwaachia wengine walitaje. Hakuna aliyemgusa yule bibi, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tangu siku ile wanawake hawakufuatana naye kwenda kisimani, na watoto wa majirani hawakutumwa tena kuchukua moto jikoni kwake. Mimi nilikuwa naona, na nilikuwa nyamavu.

Homa ya nne ikaiondoa mimba. Nikakodi gari la mizigo, nikampeleka mke wangu hospitali ya misheni, mwendo wa saa nyingi. Mganga aliyempokea alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Hakuuliza kwanza ametumia dawa gani. Aliuliza, "Mnalala wapi?" Nikamweleza. Akaniuliza kama ni nyumba ya kuta za udongo zenye nyufa, na kama tunalala chini, na kama kuna alama za kuumwa zisizojulikana. Nikaona jinsi ambavyo kila jibu langu lilikuwa linasubiriwa. Alichukua tone la damu homa ikiwa bado imepanda, akalipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Kisha akaniita nami nitazame. Katikati ya chembe za damu palikuwa na nyuzi nyembamba zilizojiviringa kama waya wa chemchemi. "Homa ya papasi," akasema.

Akapigwa sindano ya penisilini. Muuguzi alituonya mapema kwamba baada ya saa chache homa ingepanda zaidi na angetetemeka sana, kwa sababu vijidudu vinapokufa kwa wingi huuchafua mwili, na kwamba tusiogope. Ikawa hivyo. Kesho yake mke wangu alikuwa amelala usingizi mtulivu, na homa haikurudi tena.

Niliporudi kijijini kuchukua vitu vyetu, nilichukua kisu na kufukua ufa mmoja wa ukuta, mahali godoro lilipokuwa. Vumbi likamwagika, na ndani ya vumbi wakatoka wanane, bapa, wa rangi ya udongo, wenye ngozi iliyokunjamana kama kipande cha kiatu cha zamani. Wengine walikuwa wakubwa kama punje ya mahindi. Wakati wa mchana walikuwa wamelala ukutani umbali wa shubiri moja na kichwa cha mke wangu.

Tangu wakati ule nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya mdudu huyu, nami nawapa wasomaji muhtasari wake. Kwa lugha ya sayansi papasi si mdudu halisi. Mpevu wake ana miguu minane, naye ni wa ukoo wa kupe na buibui. Wataalamu humwita Ornithodoros moubata. Tofauti na kupe wa ng'ombe, yeye hang'ang'anii mwilini siku nyingi. Hutoka ufani usiku, hunyonya kwa muda upatao nusu saa, kisha hujiangusha na kurudi ufani kabla ya mapambazuko. Kuumwa naye mara nyingi hakuamshi mtu. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akimngoja mgeni. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa zamani yaweza bado kuwa na njaa.

Habari zake ni za zamani. David Livingstone, katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1857, aliandika juu ya kupe wa Angola aitwaye tampan, ambaye kuumwa kwake kulileta maumivu na pengine homa. Mwaka huo huo wa 1857 Burton na Speke walianza safari ya bara wakipitia Ugogo, kwa njia ile ile kuu ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ambako wasafiri walilipa hongo ili wapate maji na ruhusa ya kupita. Msafara ulilala katika vibanda vya njiani, na kesho wengine wakalala papo hapo. Papasi alisafiri katika mikeka na mizigo ya wapagazi bila kulipa hongo kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, sababu ya homa haikuthibitishwa mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1904, nchini Uganda, madaktari Ross na Milne walionyesha kwamba homa hiyo huletwa na papasi. Wakati huo huo, bila kutegemea kazi ya wenzao wa Uganda, Joseph Everett Dutton na mwenzake John Lancelot Todd, waliotumwa na shule ya tiba ya nchi za joto ya Liverpool, walikuwa wakifanya uchunguzi kama huo huko Kongo. Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alifariki dunia tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, mji uliokuwa ngome ya wafanyabiashara zama za Tippu Tip, na ambao Kiswahili chake kinasikika mpaka leo. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake: Borrelia duttonii.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa katika nchi yetu, wakati ule ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichimba sakafu za vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara, akawakuta papasi. Akapasua mayai yao, akavikuta vijidudu ndani ya mayai. Maana yake ni kwamba mama papasi huwarithisha watoto wake maradhi, na nyumba iliyoambukizwa huendelea kuwa hatari kizazi baada ya kizazi. Dawa yake kwa msafiri ilikuwa rahisi: usilale katika vibanda vya zamani, piga hema lako mbali kidogo navyo.

Lakini kuna jambo jingine aliloliona Koch, na nilipolisoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Aliona kwamba wenyeji wa sehemu hizo, walioumwa na papasi tangu utotoni, hawakuugua sana ukubwani, bali wageni ndio walioanguka kwa homa. Miili ya wenyeji ilikuwa imekwisha kujifunza. Nyumba iliwajua wao, wageni haikuwajua.

Bibi yule hakuwa amesoma kitabu cha Koch. Alikuwa amesema, kwa maneno sita ya Kiswahili cha kuokoteza, jambo ambalo mwanasayansi mkubwa aliliona kwa hadubini na msafara wa wapagazi. Nami, niliyefundishwa kusoma, sikuweza kulisoma.

Sasa naelewa pia kwa nini fumbo lile lilinishinda. Kwanza, papasi huuma bila kuamsha na hukimbia mwanga. Pili, homa huja baada ya siku nyingi, mara nyingi wiki au zaidi, hata mtu hawezi kuihusisha na usiku aliolala mahali fulani. Tatu, na hili ndilo lililonidanganya zaidi, homa hukatika yenyewe. Mwili huwatambua vijidudu na kuwaua, lakini wachache hubadili sura ya nje, kama mtoro anayebadili sare ili mwalimu wa zamu asimjue, wakazaliana tena mpaka homa ya pili. Klorokwini haikuwa imefanya kazi yoyote. Ilikuja tu wakati homa inaondoka, ikapata sifa zisizo zake. Na bibi alikuja wakati homa inarudi, akapata lawama zisizo zake. Dawa na bibi walihukumiwa kwa kalenda, na hakimu nilikuwa mimi.

Mke wangu alipopata nguvu, nilikwenda kwa bibi yule jioni, nikamkuta jikoni kwake akikoroga uji. Mjukuu wake, mwanafunzi wangu wa darasa la tano, alitafsiri. Nikamweleza habari ya papasi, nikamwomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba alijua; kwamba yeye mwenyewe, alipoolewa na kuletwa katika tembe lile, alipoteza mimba mbili humo kabla ya kujaliwa watoto, na ndiyo maana alilitazama tumbo la mke wangu kwanza. Tafiti zilizofanyika miaka ya baadaye huko Mvumi, katika mkoa ule ule, zimeonyesha kwamba wajawazito na watoto wachanga ndio wanaoumizwa zaidi na homa hii, hata miongoni mwa wenyeji.

Nilipokuwa nikiinuka kuondoka, akaongeza neno, na yule mtoto akasita kabla ya kulitafsiri. Nikamwambia alitafsiri. "Bibi anasema, mwalimu ulisema barazani. Sasa unasema jikoni."

Nilimwahidi kwamba ningesema barazani. Wiki ile palikuwa na kazi ya shule. Wiki iliyofuata mwenyekiti alikuwa safarini. Kisha nikajiambia kwamba watu wamekwisha kusahau, na kulifufua jambo ni kulichochea. Katikati ya mwaka 1975 nikahamishwa. Sikusema barazani. Mwaka 1988 nilipata nafasi ya kupita kijiji kile nikiwa mwalimu mkuu mahali pengine. Tembe lilikuwa limebomolewa, na mahali pake palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Nilionyeshwa kaburi la bibi. Yule mjukuu, aliyekuwa sasa baba wa watoto, alinipokea kwa heshima zote, na heshima ile ilinichoma kuliko angenifukuza.

Kwa walimu vijana wanaopangiwa vijiji vya mbali, nina machache ya kuwausia. Mkipewa nyumba ya udongo, kandikeni nyufa na, mkiweza, sakafieni kwa saruji. Inueni kitanda, kitengeni na ukuta, tumieni chandarua na kukichomekea vizuri. Mkipata homa inayoondoka na kurudi, mwambieni mganga mlilala wapi, hata kama ni wiki mbili zilizopita, na pimweni damu wakati homa imepanda. Klorokwini iliondolewa katika tiba ya kwanza ya malaria nchini mwetu mwaka 2001, lakini tabia ya kuiita kila homa malaria haijaondoka. Tena msidhani kwamba nyumba bora zimemaliza kila kitu: watafiti wa Mvumi walikuta vijidudu vya jamii hii hata katika damu ya kuku na nguruwe, ilhali zamani ilidhaniwa kwamba binadamu pekee ndiye hifadhi yake.

Na usia wa mwisho ni huu: mwenyeji akiwaambia jambo msilolielewa, mwulizeni tena. Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni aliyekuja, na mwenyeji akaugua kwa ajili yangu.

Mimi na mke wangu tulijaliwa watoto watatu baadaye, lakini wa kwanza tunamhesabu mpaka leo. Mke wangu ndiye aliyeniambia niiandike habari hii. Nilimwambia kwamba wahusika wamekufa karibu wote. Akanijibu, "Wewe hujafa." Kwa hiyo, kwa kuwa baraza lile halipo tena, nasema hapa mbele ya yeyote atakayesoma: bibi yule hakutenda kosa lolote. Alituletea chakula na akatuonya kwa wema. Kosa lilikuwa langu.